Kitalu cha Bado

Haya, tuseme ilikuwa Jumanne. Nasema tuseme kwa sababu katika nchi ile Jumanne ilikuwa imepita na kurudi mara nyingi mno, hata watu wakaacha kuisalimia. Siwema aliamka, akanawa uso, akavaa baibui lake la kazini, akapita jikoni kumuaga mama mkwe wake. Bi Hidaya alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na bila kuinua kichwa akauliza swali lake la kila siku.

"Amerudi?"

"Bado, mama."

"Haya. Nenda salama."

Pembeni ya meza palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa. Chini ya kawa lile kulikuwa na wali wa jana alasiri, sehemu ya Shaame. Shaame ni mume wa Siwema na mtoto pekee wa Bi Hidaya. Alikuwa fundi wa nyaya katika meli ya utafiti, na asubuhi moja, bahari ikiwa imetulia tuli, alikwenda nyuma ya meli kutazama waya uliojikunja, na mchana hakuonekana kwenye meza ya chakula. Meli ilizunguka siku mbili mahali pale pale. Tangu hapo, kila alasiri Siwema akirudi kutoka kazini, Bi Hidaya hupakua sahani tatu. Mbili huliwa, ya tatu hufunikwa, na asubuhi kuku hupata riziki yao. Kawa lenyewe lilikuwa limeshasukwa upya mara nne.

Siwema alitoka bila kulia. Wala usidhani alikuwa akijikaza. Mtu hujikaza akiwa na kitu ndani kinachotaka kutoka, naye hakuwa nacho. Alikuwa na ganzi. Unaijua ganzi ya mguu ulioukalia? Basi yake ilishika mtu mzima, kutoka utosini hadi kwenye kucha, na ule mchomo wa kuachia, ule unaokufanya uruke na kucheka peke yako, haukuja. Alikuwa ameshaizoea ganzi hiyo. Alitembea, akaitikia salamu, akavuka barabara alipotakiwa kuvuka.

Sasa lazima nikueleze desturi ya nchi ile, la sivyo utaniona nababaika. Kule watu hawasemi hapana. Umeoa? Bado. Una watoto? Bado. Bibi wa miaka themanini, hana jino hata moja, muulize kama amezaa, atakwambia bado, na ukicheka atakukasirikia. Ndiyo adabu yao. Hapana hufunga mlango na kukomea. Bado huurudishia tu. Na mimi sikatai, ni adabu nzuri, mtu wa watu huwezi kumpigia mlango usoni. Tatizo ni siku adabu hiyo ilipoingia serikalini, ikapewa meza na kiti.

Ilikuwa hivi. Nchi iliambiwa kwamba chini ya bahari yake kuna gesi, na nchi nzima ikasimama kama mtu anayetaka kupiga chafya. Barabara? Bado, gesi ikitoka. Zahanati? Bado, gesi ikitoka. Harusi ziliahirishwa, nyumba zikabaki bila mapaa. Bahari ikagawiwa vitalu, utadhani bustani ya mchicha, na kitalu cha kumi na moja wakapewa kampuni ya kina Siwema, kwa leseni ya utafutaji ya mwaka mmoja. Mwaka ulipokaribia kwisha, wenye kampuni wakaomba waongezewe muda. Ofisi ya Vitalu ikatafakari, ikaona leseni imeandikwa "mpaka mwisho wa mwaka", na kubadilisha maandishi ni usumbufu. Ikaongeza muda wa mwaka. Ndiyo, umesikia vizuri, mwaka wenyewe. Wakauongeza tena na tena, mara kumi na tisa, ukabaki mwaka ule ule. Kitambulisho cha Siwema kilisema ana miaka thelathini na mmoja, nywele zake zikasema mengine. Maana mwaka ulioongezwa muda hula upande mmoja tu: wakubwa walizidi kuzeeka, watoto wakagoma kukua. Na hakuna aliyelalamika, kwa sababu ukiuliza mwaka umekwisha unajibiwa kwa adabu, na ukishajibiwa kwa adabu utasema nini?

Kazini walikuwa wamebaki wawili. Siwema, mjiolojia, na mkuu wake Injinia Lwidiko, mtu wa bara kutoka milima ya baridi, asiyejua kuogelea, anayevaa sweta hata kwenye jua kali. Siku hiyo alimkuta amesimama mbele ya meza ndefu. Juu ya meza palikuwa na masanduku ya mbao yenye vipande vya mwamba kutoka visima vitatu walivyochimba katika sakafu ya bahari, kila kipande na kibandiko chake.

"Dada Siwema, njoo uone mwenyewe. Nimerudia tathmini yote tangu mwanzo."

"Ehe."

"Gesi inataka vitu vitatu. Mwamba mama wa kuizaa. Tunao, huu hapa mweusi. Mwamba wa mchanga wa kuibeba. Tunao, na mzuri kweli, una matundu kama mkate wa kumimina. Halafu mwamba wa juu wa kuifunika isitoroke."

"Mfuniko."

"Mfuniko. Una ufa, dada. Kutoka huku mpaka huku." Akapitisha kidole kwenye ramani, polepole, mtu angedhani anafuta vumbi. "Gesi ilikuwepo. Ikaondoka. Zamani sana, hata binadamu hawajaumbwa. Sisi tumekuja na leseni yetu kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa."

Siwema akaushika mwamba wa juu, akautazama. Ufa ule alikuwa ameuona tangu kisima cha pili. Aliuona, akauandikia ripoti nzuri yenye michoro, na chini kabisa, penye mstari wa matokeo, akaandika kama alivyoandika mara ya kwanza: hatujapata.

"Kitalu inabidi kirudishwe," alisema Lwidiko. "Na kanuni unaijua kuliko mimi. Mkono ulioandika ripoti ya kwanza ndio utakaoandika barua ya mwisho. Siwezi kukuandikia. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu alasiri, leo ndiyo siku ya mwisho. Wakifunga hatujarudisha, mwaka unajiongeza wenyewe."

"Na nisipoandika?"

"Nani atakulaumu? Katika nchi hii mtu hajawahi kulaumiwa kwa kusema bado." Akavuta sweta lake, yakamtoka. "Tumwitike jino lake bado linalegea."

Tumwitike ni binti yake, ana miaka saba. Ameanza darasa la kwanza mara ishirini, na jino lake la mbele linacheza mdomoni tangu mara ya kwanza ile, halidondoki wala halikaziki.

"Juzi kanishika shati," Lwidiko akaendelea, "ananiuliza, baba, hili jino nimelikosea nini? Nikamwambia bado kidogo, mama. Nikajisikia vibaya, dada. Nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo."

Siwema akasema pole. Neno lilitoka sawasawa, kwa sauti inayofaa, na yeye mwenyewe akalisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Akachukua karatasi na kalamu, akaandika barua pale pale, akaikunja, akaenda.

Njiani aliipitia leseni kichwani. Karatasi nne zilizofungwa kwa utepe, na ibara ya pili ilisema: mwenye leseni atatafuta, na asiye na leseni hatatafuta. Walioitunga walikuwa wakifikiria gesi, masikini wa Mungu. Lakini kutafuta ni kutafuta, neno halikuulizwa unatafuta nini. Kila mara mwaka ulipoongezwa, masharti yalitaka meli iende kitaluni wiki nzima, na Siwema akaenda nayo, na wenzake walipokuwa wakisikiliza miamba kwa mitambo yeye alisimama nyuma ya meli, penye nyaya, akitazama maji. Alikuwa mwanamke pekee katika nchi ile aliyepewa ruhusa ya serikali, yenye muhuri, kumtafuta mumewe, aliyepotea humo humo kitaluni mwaka ulipoanza. Wajane wengine walikuwa na makaburi. Yeye alikuwa na kilomita za mraba elfu tano na leseni. Na pale nyuma ya meli, nakwambia bila kumsengenya, hakuwa akihisi chochote. Hakuwa na huzuni wala tumaini. Alitazama kwa sababu ana ruhusa ya kutazama, akaogopa siku ruhusa itakapokwisha, na hofu hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichobaki na uhai ndani yake.

Nikirudisha kitalu, aliwaza, nimerudisha maji. Nikirudisha maji, nani atakwenda kumwita? Fomu ya ripoti ya kwanza niliijaza mimi. Kalamu moja, siku moja. Mstari wa juu, gesi: haijapatikana. Mstari wa chini, mtu: hajapatikana. Herufi moja tu imewatenga. Niliiandika vizuri ile herufi? Labda niliikosea. Labda gesi ndiyo iliyoanguka nyuma ya meli na mume wangu ndiye aliyetoroka kwenye ufa, zamani, hata mimi sijaumbwa. Au labda aliyepotea ni mimi. Shaame yuko nyumbani, mama anamuuliza, amerudi? Naye anajibu, bado. Na chini ya kawa ni wali wangu.

Ofisi ya Vitalu ilikuwa na korido moja ndefu na viti pande zote mbili. Watu walikuwa wameketi, wengine tangu leseni ya kwanza, na waliokaa karibu na mlango walikuwa wameanza kufanana na viti. Mwisho wa korido alikaa Bwana Dadi, karani wa kupokea, mzee wa kofia ya kiua na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa mtu mkarimu. Hakuna aliyefika mezani kwake asipewe chai.

"Karibu, bibie. Kaa. Saa nane na nusu hii, tuna nafasi." Akammiminia kutoka kwenye chupa, chai ya tangawizi inayofuka. Siwema akaipokea, akainywa yote kwa mara moja, akaweka kikombe.

"Ee! Mwanangu! Chai ya moto hiyo!"

"Ya moto?"

Bwana Dadi akamtazama juu ya miwani. Akaifungua barua, akasoma akitikisa midomo, akarudia. Kisha akachukua muhuri mmoja kati ya miwili iliyokuwa mezani, ule uliolika mpini kwa kushikwa, akauelekeza kwenye wino.

"Ngoja," akasema Siwema. "Huo ni wa kuongeza muda."

"Na hii ni barua ya kuongeza muda."

"Ya kurudisha."

"Siyo, mwanangu. Soma mwenyewe." Akaweka kidole chini ya neno. Kampuni imetafuta katika kitalu cha kumi na moja, gesi hatujapata, hivyo tunarudisha leseni. "Hatujapata. Unaiona hii ja? Mtu anayesema hatujapata bado anatafuta. Ofisi ikiona ja inaongeza muda, haina hiari, hata ukiandika unarudisha mara mia. Itoe ja." Akageuka kutazama mlango, akashusha sauti, akainama mpaka kofia ikakaribia chai. "Utie ku."

"Hatu..."

"Usitamke kwanza. Andika."

"Bwana Dadi, umewahi kupokea barua yenye ku?"

"Bado," akajibu. Halafu akajisikia, akatazama viatu vyake.

Alimpa karatasi nyingine. Siwema akaandika, akafika kwenye neno, na mkono ukaandika ja. Akaomba karatasi ya pili. Mkono ukaandika ja. Haukumwuliza. Ulikuwa mkono wa mtu aliyelelewa vizuri, na adabu haitoki kwa kuambiwa. Bwana Dadi akampa ya tatu, akafuta miwani yake, akajifanya anatafuta kitu kwenye saraka ya meza. Saa ya ukutani ikasema saa tisa na robo.

Silabi moja, ndugu yangu. Mbona watu wamepindua nchi kwa maneno marefu na hayakufanya kitu? Lakini kaa nayo ujaribu. Hajaja, na hakuja. Hatujapendana, na hatukupendana. Ja ina mkono uliokunjuliwa, inangoja utiwe kitu. Ku imeshakunja mkono na kuutia mfukoni. Anayetawala watu wenye ja hana haja ya askari, watu wale wamekaa wenyewe kwenye viti wanangoja waitwe. Siwema hakuwaza hayo. Nimeyawaza mimi. Yeye aliwaza maji.

"Bwana Dadi. Nikiandika ile nyingine, nani ataruhusiwa kutafuta pale?"

Mzee alikuwa ameinama kwenye saraka, hana habari, anahesabu pini, akajibu kama mtu anavyojibu akiwa peke yake:

"Hapana mtu."

Wote wawili wakasikia. Bwana Dadi akainuka taratibu, mkono mdomoni. Kule koridoni kiti kimoja kililia, kikanyamaza. Siwema alikuwa hajawahi kulisikia neno lile likisemwa kwa sauti na mtu mzima ndani ya ofisi, akangoja. Alingoja dari ishuke. Alingoja bahari ipande ngazi. Feni ikaendelea kuzunguka. Nzi akatua kwenye kikombe, akaondoka.

Hapana mtu. Akalirudia moyoni. Pale nyuma ya meli, penye maji, hapana mtu. Miaka yote ile alikuwa akitazama mahali ambapo hapana mtu.

Akaandika. Ku ilitoka kubwa kuliko herufi nyingine, imepinda kidogo, kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Sasa itamke," akasema Bwana Dadi. "Kanuni inataka itamkwe mbele ya karani."

"Hatukupata," akasema Siwema.

Muhuri wa pili ulikuwa na mpini mpya kabisa, na wino wake umekauka tangu uletwe. Bwana Dadi akaupulizia pumzi, akaupulizia tena, akaubonyeza kwa mikono miwili. Alama iliyotoka ilikuwa hafifu, lakini ilisomeka: KIMEPOKELEWA. Kule koridoni watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, magoti yakilia, wakitazamana kama waliopitiwa na usingizi msikitini. Hakuna aliyeshangilia. Mmoja aliuliza wapi anaweza kupata maji ya kunywa.

"Kitambulisho chako kimeshakosea," Bwana Dadi alisema. "Njoo keshokutwa ukibadilishe."

"Nina miaka mingapi?"

Akahesabu kwa vidole, akaishiwa, akaanza upya. "Hamsini, mwanangu."

"Ahsante," akasema Siwema, akachukua mkoba wake.

Simu ililia akiwa barabarani. Alikuwa Lwidiko, anapiga kelele hata maneno hayakamatiki. "Limetoka! Dada, limetoka! Kwenye ndizi! Kauma ndizi, likabaki humo!" Analia, anacheka, nyuma yake mtoto anapiga vigelegele na pengo lake. Siwema akamwambia mpe hongera, na mwambie alitupe juu ya paa, asilitie mfukoni. Akakata simu. Akaangalia mkono wake ulioshika simu. Bado ulikuwa na ganzi. Akaendelea kutembea.

Bi Hidaya alikuwa jikoni anapakua. Sahani mbili zilikuwa tayari, mvuke unapanda, na mwiko ulikuwa chunguni unachota ya tatu.

"Amerudi?"

Siwema alisimama mlangoni na baibui lake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lile la siku zote, limenawa na kuvaa, tayari kutoka. Akalimeza.

"Hakurudi, mama."

Mwiko ukasimama. Bi Hidaya hakugeuka. Mgongo wake mdogo ukiwa umeelekea mlango, akauweka mwiko, akajifuta mikono kwa kanga, akapita mbele ya Siwema bila kumgusa, akaingia chumbani. Sanduku la bati likasikika likifunguliwa. Akarudi na kifurushi kilichofungwa kitambaa, akakiweka mezani, akakifungua. Gauni jeupe, refu, limeshonwa kwa mkono, na mtandio wake. Mikunjo ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Vaa tuone."

Siwema akalivaa juu ya nguo zake. Lilimbana kifuani na kiunoni. Lilikuwa limeshonwa kwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja.

"Tutaachia mshono," akasema Bi Hidaya, akivuta kitambaa ubavuni. "Niliacha nafasi. Miezi minne na siku kumi, kuanzia leo. Mwaka haukwisha, kwa hiyo eda haikupita."

"Mama, hili ulilishona lini?"

"Wiki ile ile meli iliporudi."

"Wiki ile? Na miaka yote hii umelifungia? Mbona hukunipa?"

"Ningekupaje? Ni mumeo. Mke ndiye anayekaa eda, mke ndiye wa kusema." Mkono wake ulikuwa bado umeshika ubavu wa gauni. "Nimekuuliza kila siku, Siwema. Kila siku ya Mungu nimekuuliza. Ukaniambia bado."

Siwema akakaa. Bi Hidaya akachukua kawa, akatafuta msumari ukutani, akalitundika. Akarudi chunguni, akamalizia kuupakua ule wali wa sahani ya tatu, akausukuma mbele ya mkwewe.

"Kula."

Akamega tonge, akalitia kinywani, na papo hapo akaruka, mkono mdomoni, macho yakajaa maji.

"Unaunguza," akasema. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni, yakalowesha ukosi wa gauni, na hakuweza kuyazuia. "Mama, unaunguza."

"Najua, mwanangu," akasema Bi Hidaya. "Upulize."